Samaki Wakielea Alfajiri, Usikimbilie Kusema Sumu

Samaki wakikutwa wanaelea alfajiri, neno la kwanza mwaloni huwa ni sumu. Watu hawalisemi bure. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu kuna wavuvi walikuwa wakimwaga dawa za mashambani majini, na machungu ya mwaka ule bado yanakumbukwa Mwanza. Halafu ikaja Machi 2022, samaki wakafa Mto Mara na maji yakageuka meusi. Kamati ya kitaifa chini ya Profesa Samuel Manyele iliposema kwamba kinyesi na mkojo wa ng'ombe, pamoja na mimea iliyooza, vilimaliza oksijeni ya mto, watu wengi walicheka na wengine walikasirika. Sina nia ya kufufua ubishi ule. Ninachosema ni kwamba kinyesi kumaliza oksijeni ya maji si kichekesho. Ni jambo la kawaida kabisa, na kwa mtu mwenye kizimba cha kufugia sato ziwani, kule Misungwi, ni jambo la kumkosesha usingizi.

Na wenye vizimba wanaongezeka. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti na vizimba jijini Mwanza kwa mikopo ya masharti nafuu, na tangu hapo neno "kizimba" limeingia hata midomoni mwa watu waliokuwa wakilima pamba na mpunga tu. Wengi wamejifunza kuhesabu vifaranga na mifuko ya chakula. Wachache wamefundishwa kuhesabu hewa.

Hewa iliyomo majini haionekani, kama sukari iliyokwisha kuyeyuka kwenye chai. Samaki hapumui maji yenyewe, anapumua oksijeni iliyoyeyuka humo, na oksijeni hiyo ni kidogo mno. Lita moja ya hewa tunayovuta Misungwi ina oksijeni kama miligramu 240. Lita moja ya maji ya ziwa yenye nyuzijoto 25, hata yakiwa yameshiba, haizidi miligramu 7 na kidogo. Mfugaji anayeona maji yametanda mpaka upeo wa macho hudhani samaki wake wana hewa bila kikomo, kumbe wanaishi kwa kipimo cha kijiko.

Kwa nini 7 na si zaidi? Sababu ya kwanza ni joto. Chukua soda mbili, moja imetoka kwenye friji na nyingine imeshinda juani kwenye kreti, uzifungue kwa pamoja. Ya moto itakurukia mkononi kwa sababu hewa haikai kwenye maji ya moto. Sababu ya pili ni mwinuko. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo inasukumwa majini kwa nguvu ndogo. Maji yasiyo na chumvi pale pwani, kwa joto hilohilo, yangebeba miligramu 8.3. Hata hivyo bahari nayo haitushindi, kwa sababu chumvi huifukuza hewa, na maji ya bahari pale Dar es Salaam yakiwa na nyuzi 25 hubeba chini kidogo ya miligramu 7. Wao wananyang'anywa na chumvi, sisi tunanyang'anywa na mwinuko.

Oksijeni huingia majini kwa njia mbili. Moja ni upepo na mawimbi yanayoupiga uso wa ziwa. Ya pili ni mwani, ule ukijani unaofanya maji ya Ghuba ya Mwanza yafanane na mchuzi wa mlenda siku za joto. Mchana mwani hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula chake na kuachia oksijeni, ile kazi ambayo darasani inaitwa usanisinuru. Saa 9 alasiri maji yenye mwani mwingi yanaweza kuwa na oksijeni kupita kiwango cha kushiba. Ukipima saa hiyo utafurahi bure. Jua likizama kiwanda kinafungwa, lakini mwani wenyewe unaendelea kupumua, samaki wanapumua, na bakteria wanaokula kinyesi na mabaki ya chakula chini wanapumua kuliko wote. Mwani hukopesha mchana na kudai usiku. Deni linafika kilele kati ya saa 10 alfajiri na kuchomoza kwa jua, na ndiyo maana samaki hufa saa hizo. Mlinzi amesinzia, kumetulia, na mtu akiamka anakuta matumbo meupe, anaapa kwamba kuna adui alikuja usiku.

Tufanye hesabu kidogo. Kizimba cha mita 5 kwa 5 chenye kina cha mita 5 kina maji mita za ujazo 125. Tuseme ndani yake kuna tani 2 za sato waliokaribia kuvunwa. Sato mwenye shughuli hutumia kama miligramu 300 za oksijeni kwa kila kilo yake kwa saa, kwa hiyo tani 2 zinatumia gramu 600 kila saa. Maji yakiingia yakiwa na miligramu 6 kwa lita, na wewe hutaki yashuke chini ya 4, kila mita ya ujazo inakupa gramu 2 tu za kutumia. Unahitaji mita za ujazo 300 za maji mapya kwa saa, yaani maji yote ya kizimba yabadilike mara mbili na ushei kila saa. Mkondo wa kufanya hivyo ni mdogo, hauzidi mwendo wa konokono, na siku ya kawaida ziwa huyabadilisha maji hayo bila kuombwa. Lakini alfajiri yanapoingia maji yenye miligramu 4.5, kila mita ya ujazo ina nusu gramu tu ya kutoa. Sasa unahitaji maji yabadilike karibu mara 10 kwa saa. Weka juu yake usiku usio na upepo, nyavu zilizozibwa na utelezi wa mwani, na vizimba vya jirani vilivyopangwa mstari mmoja ili kila kimoja kinywe makapi ya mwenzake. Hapo hakuna aliyemwaga sumu. Hesabu tu imekataa.

Kwa hiyo nyavu zioshwe, na hili nalitaja kabla ya kifaa chochote cha kununua. Wavu uliozibwa ni sawa na kumfunga mtu kitambaa puani. Vizimba vipangwe ili mkondo uvipige ubavuni, si kimoja nyuma ya kingine. Chini ya kizimba pabaki maji wazi yasiyopungua kina cha kizimba chenyewe, kwa sababu kinyesi na chakula kisicholiwa hutuama hapo na kuwa shimo la kunyonya oksijeni. Ghuba yetu hupungua kina kadiri unavyosogea kusini, na kishawishi cha kuweka kizimba karibu na nyumbani, mahali unapoweza kukiona ukiwa umekaa mlangoni, ni kikubwa. Kishinde.

Kuna jambo lingine ambalo halitokani na mfugaji. Ziwa lina matabaka. Kuanzia Septemba hivi hadi Mei, maji ya juu yaliyopata joto hukaa juu ya maji ya chini yaliyo baridi, na hayachanganyiki vizuri. Kule chini hakufiki upepo wala mwanga, kila kinachokufa huzama na kuoza, na oksijeni huisha. Mtafiti Jack Talling alipolipima ziwa mwaka 1960 na 1961 tabaka hilo lisilo na oksijeni lilikuwapo. Vipimo vya Robert Hecky na wenzake vilivyochapishwa mwaka 1994 vilionyesha kwamba limekuwa nene zaidi na linadumu muda mrefu zaidi, kwa sababu ya mbolea, udongo na majitaka yanayolisha mwani. Mwani ukishamiri juu, unakufa na kuoza chini. Juni na Julai upepo wa kusini-mashariki hupoza na kulikoroga ziwa, na maji yale ya chini hupanda. Dhoruba kali inaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa usiku mmoja, wakati wowote wa mwaka. Mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walikufa upande wa Uganda, na wataalamu wa huko walisema dhoruba zilikoroga matabaka. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa vizimba wa Kisumu walipata hasara kubwa, na watafiti wa Kenya nao walitaja maji yasiyo na oksijeni yaliyopanda kutoka chini. Huku kwetu mvua ya radi ikipiga baada ya siku nyingi za joto na utulivu, usilale. Maji yakibadilika rangi ghafla au yakinuka yai viza, harufu hiyo ni ya hewa ya salfa kutoka kwenye tope, nayo inaua samaki kwa kiasi kidogo sana.

Gugumaji linaongeza tabu kwa njia yake. Mwanzoni mwa 2025 lilitanda pale Kigongo hadi vivuko vikapata shida kuvuka kwenda Busisi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 abiria wanapita juu bila kulitazama, lakini mkeka ule unafunika uso wa maji, unazuia mwanga na upepo, na chini yake oksijeni hupungua sana. Likisukumwa na upepo na kukwama kwenye vizimba, litolewe siku hiyohiyo.

Sasa, utajuaje kama ni kukosa hewa au ni sumu? Samaki wenyewe wanasema. Anayekosa hewa huja juu, anahema midomo ikiwa usoni mwa maji, na ukimkaribia anazama kisha anarudi palepale. Akifa, mara nyingi mdomo uko wazi na matamvua yametanuka. Wakubwa hutangulia kufa kuliko vifaranga, kwa sababu mwili mkubwa unadai oksijeni nyingi na tabaka jembamba la juu lenye hewa halimtoshi. Sangara hutangulia kuliko sato, kwa kuwa sangara anataka maji yenye oksijeni nyingi. Halafu mwangalie kamongo. Huyu ana mapafu, anakuja juu kuvuta hewa kama mimi na wewe, na kambale naye ana kiungo cha kuvutia hewa ya nje. Ukiona sangara na sato wanaelea ilhali kamongo na kambale wanakatiza bila wasiwasi, mtuhumiwa wa kwanza ni oksijeni. Kama wamekufa wote, wakubwa kwa vifaranga, pamoja na kambale, konokono na wadudu wa majini, tena mchana kweupe, hapo sema sumu na usione haya. Kati ya mambo hayo mawili yapo mengine, magonjwa kwa mfano, ambayo huua wachache wachache kwa siku nyingi. Kwa vyovyote iwavyo, samaki aliyekutwa amekufa bila sababu kujulikana haliwi wala hauzwi, hata akiwa bado ana macho maangavu.

Oksijeni ina pacha wake, na wafugaji wengi hawamjui. Kila kinachopumua majini hutoa hewa ukaa, ileile iliyomo kwenye soda. Ikiyeyuka, sehemu yake hugeuka tindikali dhaifu, na sehemu kubwa hufungwa kuwa bikaboneti. Unaweza kuiona kazi hii jikoni. Chukua magadi unayotilia maharage, weka kidogo kwenye glasi ya maji, kamulia ndimu. Viputo vinavyopanda ni hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya magadi, na tindikali ya ndimu imeifungua. Ziwa Natron limejaa magadi hayo, na pH yake inapita 10. Maji ya bahari yana bikaboneti ya kutosha kuyashikilia karibu na pH 8. Ziwa Victoria lina kidogo. Karibu asilimia 80 ya maji yake huanguka moja kwa moja kutoka mawinguni, hayapiti kwenye miamba ya chokaa njiani, kwa hiyo uwezo wake wa kuhimili tindikali ni chini ya nusu ya ule wa bahari. Maji yetu ni mepesi kugeuka.

Kugeuka huko kuna saa zake. Alfajiri hewa ukaa imejaa na pH imeshuka, na samaki anapata pigo la pili, kwa sababu hewa ukaa nyingi huizuia damu yake kubeba hata ile oksijeni kidogo iliyobaki. Alasiri mwani umeinyonya hewa ukaa karibu yote na pH imepanda, ikiwezekana hadi 9 au zaidi. Hapo huamka amonia inayotoka kwenye kinyesi cha samaki. Kwa joto la nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7, amonia yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi. Kinyesi ni kilekile na samaki ni walewale, ila saa imebadilika. Mwenye bwawa la kuchimba, ambako maji hayabadiliki, hili linamhusu kuliko mwenye kizimba. Chokaa ya kilimo huyapa maji yake uwezo wa kuhimili mabadiliko haya, iwekwe kwa ushauri wa afisa uvuvi. Chokaa kali ya kuchoma isimwagwe kamwe kwenye bwawa lenye samaki.

Ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia wana shida ya pacha huyuhuyu kwa kipimo kingine. Bahari za dunia humeza kama robo ya hewa ukaa tunayotoa kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi. Kabla ya viwanda pH ya uso wa bahari ilikuwa karibu 8.2, sasa ni karibu 8.1. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ndiyo nyongeza ya tindikali ya karibu asilimia 30, na matumbawe pamoja na wenye magamba hujenga miili yao kwa kaboneti ambayo tindikali hiyo huipunguza.

Wapo wanaouliza kama Ziwa Victoria linaweza kulipuka kwa hewa ukaa hiyo, hasa waliosikia habari za Ziwa Kivu. Swali ni la haki. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Cameroon lilitema hewa ukaa usiku na kuua watu wapatao 1,700. Kivu, lenye kina cha mita 485, limehifadhi hewa ukaa na methani nyingi mno chini yake, na Rwanda tayari inachoma methani hiyo kupata umeme. Wakazi wa Goma wanalo neno mazuku kwa hewa ukaa inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, ambayo huua mifugo na watu. Ziwa letu halina hifadhi hiyo. Kina chake cha juu ni kama mita 80, na kila mwaka linakorogwa na kutoa hewa yake. Viputo unavyoona ukikanyaga tope kwenye mafunjo na matete ni methani ya majani yaliyooza, havina madhara kwako.

Kupima si lazima uanze na mashine ya bei mbaya. Kifuniko cheupe cha ndoo kilichofungwa kamba na jiwe, ukikishusha majini, kitakuambia mengi: kikipotea machoni kabla ya sentimita 25 na maji ni ya kijani, una mwani mwingi na usiku wako utakuwa mrefu. Maji ya namna hiyo, yakiwa na utando wa bluu-kijani, yasinywewe wala kupewa mifugo, na kuyachemsha hakuondoi sumu ya mwani huo. Kipimajoto ni bei ndogo. Kipima oksijeni kinafaa kununuliwa na kikundi kizima, na chuo cha uvuvi cha FETA pale Nyegezi kinafundisha matumizi ya vifaa vya namna hii. Upime saa 11 alfajiri, katika vina vitatu: juu, katikati na chini ya kizimba. Kisha upime tena saa 9 alasiri. Oksijeni ikiwa juu ya miligramu 5 kwa lita, endelea na kazi zako. Ikishuka chini ya 4, punguza chakula. Chini ya 3, usiwalishe kabisa, maana samaki anayemeng'enya chakula anahitaji oksijeni zaidi kuliko aliye na njaa, na kumlisha saa hiyo ni kumnyonga. Kwa siku za kawaida, chakula cha kwanza kisitolewe kabla ya saa 3 asubuhi, wala cha mwisho kisisogezwe magharibi.

Yakitokea maafa, usisubiri yaishe. Jaza chupa safi mpaka mdomoni bila kuacha kiputo, ifunge na kuiweka kwenye barafu. Chukua samaki anayekata roho, si aliyevimba, naye umtie barafuni. Mpigie afisa uvuvi wa kata na uongozi wa kikundi cha usimamizi wa mwalo (BMU) asubuhi hiyohiyo, ili taarifa iwafikie taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, kituo cha Mwanza na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Oksijeni ya alfajiri hairudi kupimwa adhuhuri. Mtaalamu akifika saa 6 mchana atakuta maji yameshapona, na daftari lako lenye tarehe, saa, joto na kipimo cha siku zilizotangulia ndilo litakalokuwa shahidi pekee aliyeona.